Kiongozi wa Upinzani wa Australia, Kidato cha Tatu

Jumatatu, 5 Mei

Nimemaliza zamu ya kufagia maktaba. Vumbi la leo lilikuwa dogo, baridi imelilaza. Nimebaki humu na daftari hili.

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu, nalo ni hili. Hotuba za Baraka naziandika mimi. Zote, tangu kidato cha pili. Baraka ni mwenyekiti wa klabu yetu ya mdahalo, kidato cha nne, mrefu, sauti kama kengele ya kanisa. Mimi nikisimama mbele ya watu sauti yangu haivuki dawati la kwanza. Basi mimi naandika, yeye anasoma, watu wanampigia makofi yeye. Sijawahi kulalamika. Nikisikia sentensi yangu inapokelewa na ukumbi mzima nafurahi hadi masikio yanawaka moto. Nadhani hiyo ni fahari. Fahari ya kujificha.

Mwaka huu mashindano yanafanyika Mbeya, tarehe 17. Ni ya Kiswahili, siyo Kiingereza. Kila jozi ya shule imepewa bunge la nchi ya mbali kuliigiza. Sisi na shule moja ya Mbeya mjini tumepata Australia. Wao serikali, sisi upinzani. Sheria: hakuna kutaja jina la kiongozi wa kweli wala chama cha kweli. Utaitwa kwa cheo chako tu. Hoja tuliyopewa ni ya kutunga: misitu imeungua, Waziri Mkuu amechelewa.

Baraka kanipitia baada ya chai. "Tula, mwaka huu nataka moto. Nataka yule Waziri Mkuu wao akitoka pale aombe uhamisho wa shule."

Nimesema sawa.

Jumatano, 7 Mei

Mwalimu Mgaya, wa historia, ametuonyesha video kwenye chumba cha kompyuta. Bunge la Australia, saa ya maswali. Sikutegemea. Viti vya kijani. Meza katikati, Waziri Mkuu upande huu, Kiongozi wa Upinzani upande ule, kati yao hazifiki hatua tatu. Wanarushiana maneno usoni. Huna mpango. Wewe ni dhaifu. Chama chako mwenyewe hakikutaki. Nyuma wenzao wanazomea na kucheka. Spika anapiga kelele watulie. Mmoja aliyezidisha akatolewa nje kwa saa moja, akainuka akaenda kama mwanafunzi aliyechelewa mstarini.

Halafu kikao kikaisha, wale wawili wakasalimiana, wakacheka kitu.

Darasa lilishangaa. Zulfa, anayekaa dawati la mbele yangu, kauliza, "Mwalimu, hawa hawachukiani?" Mwalimu kasema muulizeni mwenye jibu.

Mimi nilikuwa na jibu. Sikulisema. Ni utani. Alipofariki babu kule Kilolo, Wangoni, watani wetu sisi Wahehe, walikuja msibani wakakaa juu ya mkeka wa wafiwa wakasema marehemu alikuwa mchoyo, hata kufa kawacheleweshea chakula. Bibi alicheka na machozi yanamtoka. Hakuna aliyekasirika. Sisi nasi tukienda kwao tunawaita mateka wetu. Kumbe Australia wana watani bungeni!

Nimefurahi mno na wazo hili. Nimeandika kurasa nne bila kuinua kichwa.

Ijumaa, 9 Mei

Kesho mazoezi mbele ya shule nzima. Zulfa atakuwa Waziri Mkuu wa kujaribia, Baraka atamshambulia.

Zulfa ni Zulfa Komba. Komba ni jina la Kingoni. Mimi Mhehe, Baraka Mhehe. Kwa hiyo ni mtani wetu. Nimeweka utani wa kwetu hasa. Baraka kasoma akacheka hadi akashika ukuta. "Wewe mtoto ni hatari. Unakaa kimya kumbe una nyoka tumboni."

Jana nililala na tabasamu. Naandika ukweli.

Jumamosi, 10 Mei

Vibaya. Vibaya sana.

Ilianza vizuri. Zulfa alisimama akaeleza mpango wa serikali yake. Baraka akajibu. Akafika ukurasa wa pili. "Mheshimiwa Spika, huyu anatuambia ataongoza nchi? Huyu ni mateka wa babu zetu! Mtumwa wetu huyu! Kazi aliyoizoea ni kubeba mizigo, nani kampa kiti?"

Ukumbi ulilipuka. Wahehe na Wabena walipiga meza. Mimi nilikuwa nyuma kabisa, karibu na mlango, masikio yakiwaka.

Zulfa hakucheka. Alitazama watu kama anayetafuta mmoja wa kumweleza. Akafunga daftari. Akatoka. Alipita karibu yangu, daftari amelikumbatia kifuani.

Mwalimu Mgaya kasimamisha mazoezi. Kamfukuza Baraka kwenye timu hapo hapo. Baraka alinitafuta kwa macho. Akanipata. Akakunja karatasi zangu akazitia mfukoni.

Na mimi sikujitaja.

Jumapili, 11 Mei

Nimeambiwa na wasichana wenzangu wa bweni la Zulfa. Baba yake alifariki Zulfa akiwa hajaanza hata kutembea. Kakulia Iringa mjini kwa ndugu za mama yake, wafanyabiashara wa vitambaa, watu wenye asili ya pwani. Hajawahi kukanyaga Songea kwa Wangoni. Hajui utani wa Wangoni wala wa Wahehe. Hajui kwamba alitakiwa anijibu kwamba sisi tunakula mbwa, ukumbi ucheke upya, tuwe sawa. Yeye kasikia neno moja tu. Mtumwa. Mbele ya watu mia sita.

Nilisoma jina la mtu nikadhani nimemsoma mtu.

Kanisani sikuimba.

Jumatatu, 12 Mei

Baraka hajanitaja. Nilidhani atanitaja. Wasichana wanampita kama hayupo. Mezani anakula peke yake, ugali unapoa. Mimi nakula na wenzangu. Naona aibu kuliko aibu zote.

Mwoga. Hilo ndilo neno langu leo.

Jumanne, 13 Mei

Nimekwenda.

Kwanza kwa Zulfa. Alikuwa anaanua nguo nyuma ya bweni. Nilipanga maneno mengi, yakatoka machache. Nikamwambia ile hotuba niliandika mimi, Baraka aliisoma tu. Nikamweleza utani. Nikamwambia kosa si utani, kosa ni kumtania mtu asiyejua kama yumo kwenye mchezo.

Aliendelea kukunja sketi. Halafu akasema, "Hilo jina ndilo kitu pekee nilichoachiwa na baba. Na wewe ukalichukua ukanipigia."

Nikasema nisamehe dada. Ni mdogo kwangu kwa miezi, lakini nilimwita dada.

Akaanua shati jingine. Kisha: "Kwa hiyo na mimi naruhusiwa kukutukana?"

"Unaruhusiwa."

"Maisha yote?"

"Maisha yote."

"Basi ngoja nijifunze kwanza. Nitakuja na yangu." Akanipa nusu ya nguo nimsaidie kubeba. Sijui kama hiyo ni samahani. Nadhani ni mwanzo wake.

Kisha kwa Mwalimu Mgaya. Ofisini alikuwa anasahihisha. Nikamwambia yote, hadi za kidato cha pili. Aliweka kalamu chini. Nilitegemea fimbo. Kasema hivi: "Baraka anarudi kwenye timu. Zulfa naye anakwenda, akikubali. Ila Kiongozi wa Upinzani ni wewe. Aliyeandika ndiye atakayesema."

Nikamwambia mwalimu siwezi.

"Mbona kumtupia mtu maneno kwa mdomo wa mwenzako uliweza?"

Nimerudi darasani nikitembea kama mgonjwa.

Alhamisi, 15 Mei

Nimechana kurasa nne. Naanza upya.

Nimeitazama ile video tena, mara tatu, Mwalimu kaniachia ufunguo. Safari hii sikusikiliza matusi. Nilihesabu zamu. Kila aliyesemwa alipewa nafasi ya kujibu. Wote wawili walichagua kukaa kwenye ile meza. Na yale makali yaliyouma kweli hayakuwa yale ya "wewe dhaifu". Yalikuwa ya "ulisema utafanya hiki, mbona hukufanya?" Hapo Waziri Mkuu alikunywa maji.

Kwa hiyo nitamkosoa Waziri Mkuu wao hivyo. Kazi yake, siyo ukoo wake.

Naijua kazi ya kuzuia moto. Kila mwaka kabla ya kiangazi tunafyeka njia ya moto, ukanda mtupu ambao moto hauvuki, kuzunguka misonobari ya shule. Mapanga, makoleo, malengelenge. Ukikuta moto umeshafika ndiyo unatafuta panga, huna msitu tena. Watu wote wa hapa Mafinga wanalijua hili, hata mtoto.

Baraka kanisikiliza nikijaribu. "Sauti, Tula. Huongei na panya wa maktaba." Kanifundisha kupumua kabla ya sentensi. Hana kinyongo. Nilimwomba radhi. Kasema, "Nilikula makofi yako miaka miwili. Nikila na zomeazomea wiki moja tumbo litastahimili."

Zulfa kakubali kwenda. Atakuwa msemaji wetu wa fedha. Kaanza kuniita mla mbwa. Mbele ya watu. Nimefurahi isivyo kawaida.

Jumamosi, 17 Mei. Mbeya

Tuliondoka alfajiri na basi la shule. Ukungu pale Nyololo hadi dereva akawasha taa zote. Sikula kitu. Zulfa alinilazimisha andazi.

Ukumbi mkubwa. Majaji watatu. Spika alikuwa mama mmoja mwalimu mstaafu, miwani kwenye kamba, hacheki. Waziri Mkuu wao anaitwa Anyosisye, kidato cha nne, ana tai nyekundu na anaongea bila karatasi. Mzuri. Nakiri. Alieleza jinsi serikali yake ilivyopeleka chakula na mablanketi kwa walioungua, ukumbi ukampenda.

Zamu yangu. Nilishika meza. Nikapumua kama alivyonifundisha Baraka.

Nilianza kwa kusema chakula kilifika mapema na nampongeza. Watu hawakutegemea. Kisha nikauliza: kabla ya moto, Waziri Mkuu alifyeka njia za moto ngapi?

Hakujibu swali. Alinijibu mimi. "Mheshimiwa Spika, Kiongozi wa Upinzani ana sauti ya kifaranga. Wenzake wa nyuma hawamsikii. Moto utamsikia?"

Kicheko. Kikubwa. Kile kile cha Jumamosi iliyopita, ila sasa nilichekwa mimi. Nilimwangalia Zulfa bila kutaka. Alikuwa ananitazama. Akainua kidevu kidogo, kama kusema: jibu!

Nikasema, "Mheshimiwa Spika, ni kweli, sauti yangu ni ndogo. Na njiti ya kiberiti nayo ni ndogo."

Sijawahi kusikia ukumbi ukigeuka namna ile. Nikasubiri kidogo. Nikaendelea, nikasema simuulizi Waziri Mkuu habari za sauti, namuuliza njia za moto. Kama zipo atuonyeshe ziko wapi. Kama hazipo aseme hazipo, na hilo nalo ni jibu, wananchi watajua la kufanya siku ya kura. Nikakaa.

Anyosisye alisimama, akageuza karatasi ambazo hakuwa akizihitaji mwanzoni. Akarudia mablanketi. Nikauliza tena. Akarudia mablanketi.

Hapo Baraka akashindwa kujizuia. Akainuka nyuma yangu na ile sauti yake yote: "Blanketi halizimi moto, baba!" Spika akavua miwani. "Mbunge huyo, nje. Saa moja." Akatolewa kweli, kama kwenye video. Alama tano zikakatwa.

Tumeshindwa kwa alama tatu.

Majaji wakasoma: msemaji bora wa siku, Kiongozi wa Upinzani wa Australia. Nilikaa. Zulfa alinipiga kiwiko. "Nenda, we mla mbwa, wanakuita." Nikaenda. Nikapewa kamusi.

Nje Anyosisye alikuja kunipa mkono. "Dada, umenifyeka." Nikamwambia alivyosema kuhusu mablanketi niliamini kabisa. Alicheka. Mimi pia.

Baraka aliomba msamaha njia nzima kurudi. Hakuna aliyekasirika. Tulipofika Makambako wenzangu walikuwa wanaigiza Spika anavyovua miwani. Mimi nilikaa dirishani. Najivunia. Naandika wazi kwa sababu hakuna anayesoma: najivunia sana. Si kwa kamusi. Kwa sababu kila neno lililotoka pale lilitoka mdomoni mwangu na ningeweza kulirudia mbele ya aliyesemwa.

Jumapili, 18 Mei

Baridi. Ibada ndefu. Maharage yaliyoungua kidogo.

Jumapili tunaruhusiwa simu ya matroni, dakika kumi kila mmoja. Nilipanga foleni. Mama alipokea, nikasikia anapukuchua mahindi, punje zinaanguka kwenye beseni. Akauliza kama nimekula, kama nina soksi. Nikamwambia ninazo. Nikamwambia jana nilisema mbele ya watu.

"Wewe?" akasema. "Ulisema nini?"

Mama hajawahi kunisikia nikiongea kwa sauti. Nyumbani mimi ndiye wa kuitwa mara mbili.

Nikamwambia asubiri. Nikatoka kwenye kibaraza, nikasimama wima kwenye majani, foleni yote inanitazama. Nikapumua. Nikaanza, "Mheshimiwa Spika," nikamsomea yote hadi mwisho, kwa kichwa.

Punje ziliacha kuanguka.

Nilipomaliza akasema, "Rudia, baba yako ndiyo anaingia."

Dakika zangu zilikuwa zimeisha. Matroni alitazama saa yake, akatazama pembeni. Nikarudia.