Mizani ya Ghala la Vurra

Kaka Rajabu,

Binti yako ameanza kutema mate kwenye kopo. Anakaa kizingitini pale Awindiri, anatafuna chingamu, anatema, anatafuna tena, na ugali wa muhogo unapoa mbele yake. Mama yake anadhani ni mimba. Mimi najua ni nini, kwa sababu nilikuona wewe ukifanya vivyo hivyo ili upungue kilo.

Unakumbuka siku uliyokuja ghalani na ile habari? Nilikuwa napima maharage kutoka Kongo, wewe ukasimama katikati ya magunia na simu mkononi, ukinisomea orodha ya michezo ya mashindano ya dunia, ile michezo ambayo hakuna anayeijua. Kurushiana kisahani cha plastiki. Kuokoa watu majini. Mpira wa kupiga kwa ngumi. Kisha ukafika kwenye kuvuta kamba, ukarudia mara mbili.

"Kaka, kamba iko ya mbuzi," nikakwambia.

"Ulaya wanaivuta wapate medali," ukajibu, ukaondoka bila hata kunywa chai.

Mwezi huo huo mlikuwa wanane, mkivutana na shina la mwembe kwenye shamba letu la Abuku. Wewe ulikuwa wa mwisho, nanga ya timu. Mimi ndiye niliyekuvisha kamba: chini ya kwapa, kupitia mgongoni, juu ya bega la pili. Visigino vyenu vilichimba mashimo hadi bibi akauliza mnamchimbia nani kaburi. Tulicheka sana siku ile. Nilitaka kukuvua kamba wakati wenzako wanapumzika, ukanikataza. "Mutu ya nyuma hapana acha kamba," ukasema. "Kama naanguka, naanguka nayo."

Sheria ilikuwa moja tu ngumu: nyote wanane kwa pamoja msizidi kilo mia sita na arobaini. Kila Ijumaa baada ya swala mlikuja kwangu, mkapanda mizani mmoja mmoja, nami nikaandika kwa chaki ukutani. Ijumaa ya mwisho jumla ilikuwa mia sita na arobaini kamili. Niliwaambia mko sawa. Mliniamini, na jioni mkala pilau kwangu.

Kaka, mizani ile ilikuwa inadanganya. Mimi ndiye niliyeifundisha. Tajiri mwenye ghala aliniagiza nitoboe jiwe la mizani kwa chini, nijaze madini ya risasi yaliyoyeyushwa, ili kila gunia la mkulima lisome pungufu. Nilifanya kazi safi, hakuna aliyegundua. Hata maharage ya mama yetu yalipimwa pale, nami nikamtazama usoni nikimsomea kilo. Ndiyo maana sikukuambia. Sikusahau, nisijitetee kwa hilo. Niliona aibu, nikajipa moyo kwamba kilo moja na nusu na ushee kwa mtu si kitu.

Kwa watu wanane zikawa kilo kumi na tatu. Mlipopimwa Arua asubuhi ya mchujo, mizani ya waamuzi ikawakataa, mkapewa mpaka saa kumi jioni. Wenzako walipunguza kilo moja moja. Sita zilizobaki ukasema ni zako. Ukavaa nailoni ya kufungia magunia, juu yake lile sweta la kijani, ukakimbia juani tangu saa sita ili jasho likutoke. Nilikuwa nakimbia kando yako na chupa ya maji uliyoikataa, na bado nilinyamaza.

Saa kumi ulipanda. Mkakubaliwa. Ukashuka, ukaomba maji, nikakupa chupa, na hukuifikisha mdomoni.

Msibani watu wote waliilaani mizani ya waamuzi. Nami niliilaani, tena kwa sauti.

Sasa binti yako Zaitun ni nanga ya timu ya wasichana. Jumatatu wanapimwa Arua kwa mchujo wa mashindano yale yale. Wiki iliyopita alikuja peke yake ghalani. "Baba mdogo, pima mimi," akasema. "Ile mizani ya waamuzi iliua baba. Hii yako iko ya kweli." Akapanda. Nikamsomea namba, akafurahi, akanishika mikono yote miwili. Amekonda, kaka. Mikono yake ilikuwa ya baridi mchana wa jua kali. Kesho yake akawaleta wenzake wote saba, nikawapima kwa mizani ile ile, jumla ikagusa kikomo bila kukizidi.

Leo asubuhi nilinunua mfuko wa simenti wa kilo hamsini, ambao haujafunguliwa, nikauweka juu ya mizani. Umesoma arobaini na tisa, kama zamani. Naogopa kwa namna ambayo sijawahi kuogopa. Nikinyamaza, Jumatatu wataambiwa wamezidi, naye atazibeba kilo za wenzake, maana ni damu yako. Nikisema, atajua leo kwamba wamezidi, atakuwa na siku mbili za kukimbia juani, na atajua pia aliyemuua baba yake. Kisha hatanisikiliza nikimwomba anywe maji. Nani atamsikiliza mtu kama mimi?

Nimeamua kusema. Simenti nimeiacha pale pale juu ya mizani aione kwa macho yake, na chupa ya maji nimeiweka kando yake. Nimekuandikia wewe kwanza kwa sababu wewe ndiye uliyestahili kuambiwa kwanza, na nimechelewa miaka kumi. Usinisamehe bado. Kama wafu wanaweza kumshika mtu mkono, mshike wake.

Nawasikia. Ni saa saba, jua liko utosini, na wasichana wanane wanateremka barabara ya mpakani kwa mchakamchaka, wakiimba. Zaitun yuko nyuma ya wote. Nailoni inametameta shingoni mwake, na juu yake amevaa sweta lako la kijani.

Mdogo wako, niliyekuvisha kamba.