Mama Ametangulia Milimani

Armelle, Gaspard,

Supu ya dengu iko kwenye jokofu. Paka ameshakula, msidanganywe na kilio chake. Nyanya zimwagilieni jioni, jua likishapoa.

Gari nimelichukua mimi. Asubuhi, Gaspard, uliniambia, "Mama, milima haihami. Tutaenda mwakani." Nawe Armelle ukadakia, "Unavyoendesha, mama, ukiondoka leo ndipo utafika huo mwakani!" Nikacheka nanyi. Mkaenda kazini, nami nikabaki natazama mikate ya jibini niliyofunga, ya watu watatu.

Kweli milima haihami. Lakini hata baba yenu alisema mwakani, na sasa tunampelekea maua kaburini. Kwa hiyo napanda milima ya Queyras polepole, kijiji baada ya kijiji, hadi Saint-Véran, kijiji cha juu kabisa, nikisimama kila penye kivuli. Wenye haraka watanipita.

~~Msinipigie simu.~~ Nipigieni jioni, hata kama hamna la kusema.

Kiti cha kando yangu nimekiwekea mkoba na kuufunga mkanda, nisikione kitupu.

Mama yenu