Kona ya Bendera

Jumatatu, 6 Machi
Nimeshona sare nne za shule tangu asubuhi. Mchana Ukumu, mume wangu, akapiga simu kutoka Mahagi-Port. Boti yake imezuiwa. Nchi imebadilisha bendera, naye bado anapeperusha ya zamani. Bila mpya havuki ziwa Jumamosi, na Mama anamsubiri Uganda. Yuko huko tangu vita. Nimezunguka soko lote la Bunia, hakuna anayeuza. Nitashona mwenyewe.

Jumanne, 7 Machi
Nimesimama mbele ya ofisi ya serikali nikaichora kwenye daftari. Askari amenifukuza mara mbili. Nimerudi mara mbili. Bluu, mstari mwekundu wenye kingo za njano, nyota moja. Nyekundu nimekata kwenye sketi yangu ya kwaya. Haidhuru.

Jumatano, 8 Machi
Imekwisha. Kisha jirani, mwalimu, akaitazama akacheka. Nyota hukaa karibu na mlingoti, yangu iko upande wa nje. Nilichora bendera bila mlingoti! Jana ulikuwa upande wangu wa kulia, na mimi nikashona mfuko wa kupitishia kamba kushoto. Mjinga mimi. Nimelia kidogo, basi.

Alhamisi, 9 Machi
Nimefumua mfuko alfajiri, nikauhamishia kulia. Lori limeichukua saa mbili. Kona ya chini imekunjana, kama kona zangu zote. Mama alinigombeza miaka mingi kwa hilo. Ukumu ataipandisha nyuma ya boti. Akikaribia Uganda atapandisha ya wenyeji mbele, kwa heshima. Jua likizama atazishusha zote. Kwa mambo hayo hana mchezo.

Jumamosi, 11 Machi
Simu ya Ukumu haipatikani. Naogopa. Nimepiga pasi nguo ambazo hazikuhitaji pasi.

Jumatatu, 13 Machi
Mama amefika na lori! Amekonda. Amesimulia mwenyewe: Jumamosi aliiona boti akakataa kupanda. Bendera ile hakuijua, na kwake bendera ngeni ni kundi jipya lenye bunduki. Ukumu alimbembeleza mpaka akachoka. Jua likazama, akashusha bendera, akaikunja pale ufukweni karibu naye. Mama akashika ile kona.

“Ni mutoto yangu tu anashonaka kona vile,” akasema.

Jana asubuhi alikuwa wa kwanza kupanda.

Jumanne, 14 Machi
Mvua ndogo. Mama amekaa kwenye kiti changu, anafumua kona za kola za zile sare nne. Nimemwacha.