Ufunguo wa Geti

Jumatatu, tarehe 3, mwezi wa sita

Nimekamua. Hiyo ng'ombe imenipiga teke, shenzi. Kuandika sijui, naongea tu kwa simu, mtoto wangu Kamau alinionyesha pa kubonyeza. Nilikuwa nasema nini? Geti. Saa kumi na moja asubuhi wamekuja watu wawili na kasanduku, wanaulizia bibi ya Kamau, Jerono, na majina yake yote matatu. Hapa Mutuini ukiulizwa mtu na majina matatu, ni polisi ama ni deni. Nikasema hayuko. Na alikuwa amelala tu nyumba ya nyuma.

Jumanne, tarehe 4

Jerono amelia mpaka makamasi. Kumbe hao ni wa kupima mkojo ya wakimbiaji, kuona nani anameza dawa. Kila siku anawaandikia lisaa limoja lazima apatikane nyumbani. Akikoswa mara tatu, anafungiwa kukimbia. Ya kwanza alikuwa matanga kwao, ya pili ni mimi. "Mum, wakirudi uniite. Hata kama hunipendi, niite tu."

Ni kweli simpendi. Miaka sita kwa hii boma, medali zimejaa ukuta, mtoto hakuna.

Jumapili, tarehe 23

Ameshinda tena huko ng'ambo. Kanisa yote imesimama kupiga makofi. Na mimi nikasimama, na nyonga inaniua. Kwa tivi ameshukuru Mungu, kocha, Kamau. Mimi, wapi! Akaulizwa mambo ya mtoto. Akacheka. "Bado. Acha nikimbie miaka minne kwanza."

Minne. Mimi nitakuwa kwa udongo.

Wanjiru, yule wa mboga soko ya Kangemi, akaniita mbele ya watu: "Shosho wa medali! Ndizo wajukuu wako, utazibeba mgongoni?" Wakacheka wote. Chai imenishinda kunywa.

Ijumaa, tarehe 28

Wamerudi wale wa mkojo, na Jerono ameshatoka ng'ambo, amelala. Ufunguo ya geti iko kwa shingo yangu. Nyumba ya nyuma stima imepotea tangu jana, kwa hivyo simu ya Jerono ilikuwa kwangu kwa chaji. Nikawaambia amesafiri. Wakasema watangoja lisaa lote, ndiyo sheria. Nikawapelekea chai, wakanibariki. Wakampigia. Simu ikalia kwa meza yangu. Nikaifunika na mto.

Kutoka geti mpaka kitanda yake ni hatua thelathini. Sikusahau. Sikuchanganyikiwa. Nilitaka.

Jumatano, tarehe 14, mwezi wa nane

Barua imekuja. Miaka miwili hakuna kukimbia. Kanisani wananong'ona ati alikuwa anameza dawa. Kamau aliniuliza kama sikusikia simu siku hiyo. Nikamwambia masikio ni ya uzee.

Ufunguo nimempea Jerono. Bado anaamka saa kumi na moja, anavaa viatu zake za mbio, anakaa kwa jiwe ya geti. Hakuna mtu anabisha hodi.

Leo kulikuwa na baridi. Nimempelekea chai, na kikombe ile ile wale wa mkojo walinywea.

"Asante, Mum."

Amekunywa yote.