Kamba ya Katani Imeniuma

Dada Tabu,

Ni mimi mdogo wako, yule aliyemtimua kiboko wa mto Katuma kwa mwiko wa ugali. Kila nikiisimulia hiyo ulikuwa unauliza, "Na kiboko alikuaga?" Sasa hakuna wa kuniuliza hivyo, ndiyo maana naandika.

Hapa Kakese tupo. Mpunga umekubali. Neema wako amejifungua binti, kampa jina lako, na wanalala chumbani kwako, chini ya zile nyaya kubwa za umeme. Wewe ulisema zinaimba, zinakumaliza. Daktari akasema ni figo. Tulipokwisha kukuzika nikamleta kijana wa umeme na kipimo chake. Akazunguka nyumba nzima, akasema hakuna cha kutisha: kule kuimba ni unyevu, na waya wako wa kuanikia nguo ulikuwa unakuchoma kwa sababu umepita chini ya nyaya, unaokota umeme kidogo. Toeni waya, akasema, fungeni kamba, haishiki umeme. Nikafunga ya katani, mwenyewe, fundo la kumzuia tembo.

Dada, ile kamba imeniuma.

Jua bado lipo, kamba kavu kama ukuni. Naanua nepi. Ikanishika vidoleni, pale pale ilipokuwa inakushika wewe, malaika ya mkono yakasimama. Juu nyaya kimya. Kilichokuwa kinaimba kilikuwa chumbani. Nikachungulia. Mtoto peke yake, anaangalia darini, anacheka. Halafu akatulia, kama anayesimuliwa kitu.

Nikamwambia Neema, hameni. Akasema, "Mjomba, hiyo kaiweke na kiboko wako." Wakacheka wote nyumbani. Maisha yangu yote nadanganya, naaminiwa nusu. Siku nasema kweli tupu, hata hiyo nusu nanyimwa.

Na kijana wa umeme sibishani, kipimo chake kimesoma kuliko mimi. Lakini kipimo hicho hakikujui wewe.

Nimeanza kufyatua matofali kule juu, kwenye kiwanja cha baba, nyaya hazifiki. Neema nitamwambia ni zawadi ya mtoto, maana mjomba nina hela za kuchezea. Uongo huo ataupokea.

Lala, Dada. Mtoto nitamtoa, nakuahidi. Kama ni nyaya, tutakuwa tumezikimbia. Kama ni wewe, njia ya kiwanjani unaijua.

Ila piga hodi kwanza. Nitaitika mimi.