Kwa Fundi Sponji, Aliyelala Kwenye Kila Boti Kabla ya Kuichagua

Mwaka umetimia, Baba, tangu ulipoinuka kwenye cherehani, ukasema unakwenda kujinyoosha kidogo, na hukuamka tena. Wateja wako wa makochi bado wanapita karakanani kumuulizia Fundi Sponji. Tunawaambia. Wanasimama mlangoni, wanatikisa kichwa, kisha wanaondoka na viti vyao.

Mama amechoka. Tunakuambia wewe kwa sababu sisi anatuambia hajambo. Amechoka kupewa pole, amechoka kujikuta amepika chakula cha watu wawili, na zaidi ya yote ile boti ilimchosha.

Unakumbuka mlivyoitafuta. Kile kiboti chenu cha kwanza kilikuwa cha kwenda na kurudi siku hiyohiyo, hakina hata pa kuegemeza kichwa, nanyi mlitaka kulala majini, wawili tu, bila wajukuu wala simu. Wenzenu wakienda kutazama boti huuliza habari za injini na mafuta. Wewe ulivua viatu, ukaingia kwenye kichumba cha ndani, ukajilaza chali, ukamwita Mama mbele ya muuzaji: "Mama watoto, njoo tupime!"

"Mimi? Mbele za watu?"

"Njoo bwana! Tunanunua pa kulala, hatununui makelele."

Akaja, amejificha uso kwa mkoba. Na hakukosa kasoro ya kutaja. Hii, ukitaka kwenda chooni lazima umpande mwenzako. Ile, jiko liko palepale unapokanyaga. Nyingine ilikuwa kubwa mno. Alishika usukani, akatazama mbele, akasema siku mgongo wako ukigoma yeye hataweza kuirudisha gatini. Mwisho wauzaji wakiwaona mnakuja walijifanya wanaongea na simu.

Mkaipata hatimaye. Kitanda cha kushukia pande zote mbili, choo cha mtu kusimama wima, na ukubwa ambao Mama aliuweza. Godoro lake ulisema ni takataka. Ukakata jipya: upande wako sponji ngumu kwa ajili ya mgongo, upande wa Mama laini kwa ajili ya nyonga zake, yote ndani ya kitambaa kimoja. Miguuni ukalipunguza, maana boti huchongoka mbele. Ulikuwa unashona pindo siku ile. Hamkulala humo hata mara moja.

Pindo alilimalizia Mama kwa mkono. Boti yenyewe ikakaa gatini, naye hakuweza kulala humo wala kuiuza. Alikwenda kuipangusa vumbi, akarudi nyumbani. Sisi tukagawanyika, mmoja anasema aiuze, mwingine anasema ile ni nyumba ya Baba. Tulimchosha pia, tunajua. Siku moja akaiendesha majini peke yake na kuirudisha bila kugusa gati. Aliposhuka alisema, "Naiweza. Hamu ndiyo sina."

Mwezi uliopita wakaja kuitazama mume na mke. Mke alikuwa anaona haya. Mama ndiye aliyemwambia, "Vua viatu, mwanangu, ulale upime." Walilala, wakacheka, wakaichukua. Walitaka na godoro.

"Godoro siuzi," Mama akasema.

"Lakini mama, si limekatwa kwa boti hii?"

"Mtakata lenu."

Kifungua mimba wako alilibeba kichwani mpaka nyumbani. Tulipolitandika kwenye kitanda chenu, kule ulikolipunguza zikabaki kona mbili za mbao tupu. Tukamwambia Mama halitoshi. Akapapasa ule upande mgumu, akasema, "Linatosha. Kwani tunalala wangapi?"

Tulitandika shuka.

Analala upande wako, Baba. Kila asubuhi analalamika kwamba ni ubao mtupu, na kuhama hahami.

Unakumbukwa na mkeo. Na wanao watatu, kifungua mimba, wa kati na kitinda mimba. Na mkweo, uliyemshonea kochi la harusi. Na wajukuu, ambao bado wanavua viatu wakitaka kujaribu kiti chochote. Na mafundi wenzako wa karakana. Nyumba hii haitaacha kukutaja.

Mungu akulaze pema, Baba. Ukishapima, mwekee Mama upande laini.