Mama Aliyesoma Mawe ya Kunduchi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua hakuna wa kuniitikia, lakini siwezi kukuandikia bila kukuamkia.

Unakumbuka machimbo ya Kunduchi tulikokuwa tunavunja kokoto, wewe na nyundo, mie na ndoo? Siku moja ulinivuta hadi kwenye ukuta wa shimo. Chini kulikuwa na mwamba wenye alama za matumbawe, juu yake tabaka la changarawe, vijiwe laini vya mviringo kama mayai ya njiwa. "Jiwe halijiviringishi lenyewe," ukasema. "Hapa palikuwa bahari. Bahari ikajitoa, mto ukapita."

Nikaenda kuyasema shuleni. Mwalimu akauliza nimeyasoma wapi. "Kwa mama, anavunja kokoto." Darasa zima likacheka. Nikarudi nyumbani nimevimba.

"Usinifundishe tena usiyoyajua," nikakwambia. "Hata la saba hukumaliza."

Ulikuwa unapepeta mchele. Uliendelea kupepeta. Tangu hapo hukunionyesha tena jiwe lolote, na mie sikukuomba radhi, hata ulipolazwa hospitali ya Mwananyamala kifua kimekubana, nami nikikushika mkono kila jioni. Nilidhani muda upo.

Siku hizi nafanya usafi kwenye chuo kimoja cha mambo ya bahari. Kuna chumba wamehifadhi samaki mkubwa ndani ya dawa, ana mapezi manene yenye nyama, kama vijiguu. Mtaalamu mmoja, dada Neema, alinikuta nimemkodolea macho. Akanieleza kuwa huyo ni silikanti, anaishi kina kirefu, gizani. Zamani wataalamu walimjua kwa alama zake kwenye mawe tu, wakaamini alishatoweka duniani. Kumbe yupo, wavuvi wakamtoa akiwa hai.

"Hajabadilika sana," akasema. "Ukimtazama huyu, unaitazama bahari ya kale."

Nikajikuta namsimulia habari za shimo letu. Jumamosi tukaenda wote. Alilipapasa lile tabaka kwa muda mrefu, akaokota vijiwe, akaviosha kwa maji yake ya kunywa, akavigeuzageuza.

"Ni kweli," akasema. "Bahari, halafu mto. Nani alikwambia?"

"Mama yangu."

"Alisoma wapi?"

"Hapahapa shimoni."

Hakucheka. Alitoa daftari, akaniuliza jina lako, akaliandika. Nikakaa kwenye vumbi nikalia kama mtoto, mpaka kina mama wa machimboni wakaacha nyundo zao wakaja kunishika.

Nisamehe, mama. Baada ya mie kukufunga mdomo uliendelea kuchimba miaka sita, na hiyo sita ndiyo inayoniuma. Ni mara ngapi uliona kitu ukutani, ukageuka kuniita, kisha ukakumbuka, ukanyamaza?

Pumzika, mama.

Binti yako